Interna Yetu na Wanyama wa Ziwa: Namna Watoto Walivyolala Shuleni Kati ya Mpala na Moba



Kwenye mkutano uliopita swali moja lilitukalisha mpaka jua likazama: pesa ya mwaka huu iende wapi? Wengine wanataka manjanja kwa nyumba za wazee na wajane waliorudi. Wengine wanataka tuezeke tena dortuari ya shule, ile iliyobaki kuta tu, ili watoto wa vijiji vya mbali wapate kulala pale wakati wa masomo. Vijana wakauliza: "Interna ilikuwa na faida gani? Si ilikuwa mambo ya Wazungu?" Wazee wakajibu kila mmoja kwa namna yake, na wengine kwa hasira.

Kamati imeona ni vizuri tuandike historia hiyo hapa, tukikutana tena kila mtu awe anajua kitu tunachokigombania. Tumeandika yale ambayo vitabu vinayajua, na yale ambayo sisi wenyewe tuliolala interna tunayakumbuka. Shule yetu hatutaitaja jina, juu ya mambo mengine tutakayosema si ya kusifu, na shule nyingi za kando ya ziwa zilifanana.

Watoto wa kwanza walikuwa hawana kwao

Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo kile kikapewa Mapadri Weupe. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado inachoma nchi. Misafara ilivusha watu kwa mitumbwi mpaka Ujiji, kisha kwa miguu mpaka pwani. Mwaka 1887 Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alifika Mpala kulinda misioni na watu waliokimbilia huko. Mwaka 1893 ikaanzishwa misioni ya Baudouinville, pale Kirungu, juu ya bandari ya Moba.

Katika misioni hizo watoto wa kwanza kulala hawakupelekwa na wazazi. Mapadri waliwakomboa kwa wachuuzi wa watumwa, wakilipa vitambaa na vitu vingine. Mtoto mmoja ametoka Urua, mwingine Ubemba, mwingine hajui jina la kijiji chake. Walilala pamoja, wakala chungu kimoja, wakajifunza sala, kusoma, kulima na kufyatua matofali. Kiswahili ndicho kiliwasaidia kusikilizana.

Tusifiche upande mwingine. Mtoto aliyekombolewa hakurudishwa daima kwa jamaa zake. Wengi walilelewa kwa sheria ya misioni, wakakua, wakaozeshwa kati yao, wakapewa kiwanja katika kijiji cha Wakristo. Waliokolewa na mnyororo, lakini njia ya kurudi kwao haikufunguliwa. Sisi tuliorudi tunaelewa sana tofauti ya mambo hayo mawili.

Kutoka shule hizo alitoka Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu. Aliingia seminari ndogo ya Mpala mwaka 1899. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya mawazo na desturi za watu wake yalichapishwa kwa Kifaransa, na tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, Askofu Victor Roelens alimpa upadri. Ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Alisoma na kulala kando ya ziwa hili hili tunaloteka maji.

Jina la Storms linaingia katika habari yetu ya wanyama pia. Alipeleka Ulaya viumbe vingi vya ziwa, na mmoja wao ni yule nyoka wa majini. Mwaka 1886 mtaalamu Louis Dollo alimwandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Storms mpaka leo. Lakini katika mizigo yake Storms alipeleka pia kichwa cha Chifu Lusinga, aliyeuawa na watu wake Storms mwezi wa Desemba 1884. Nyoka na chifu wote wawili walipelekwa Brussels. Watoto wetu wanaposoma majina ya wanyama wa ziwa, wajue na habari hiyo.

Siku moja ya interna

Sasa tuseme ya wakati wetu, miaka baada ya Uhuru. Shule zilipita mikono mingi. Mwaka 1964 uasi ulifika mpaka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na masomo yalikatika mahali pengi. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa, na mwaka 1977 ikapatana nao wazisimamie tena. Katikati ya hayo yote dortuari iliendelea, juu mtoto wa kijiji cha mbali hakuwa na njia nyingine. Kutoka kwao mpaka shule ni siku nzima ya miguu, kwa wengine mbili.

Kengele ilikuwa kipande cha chuma kimefungwa kwenye mwembe. Ikilia bado giza, kila mtu anakunja mkeka wake. Wadogo wanafagia, wakubwa wanakwenda ziwani kuteka maji. Kisha darasa mpaka saa saba. Mchana bukari. Baada ya bukari ni shamba, kuni, kufua. Jioni masomo ya taa, taa moja kwa meza ndefu, na anayekaa mwisho wa meza anasoma kwa kusikiliza.

Mboga yetu ilifuata mwezi. Wavuvi wa ndagala wanavua kwa taa usiku wa giza, samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauna nguvu, na wavuvi wanapumzika. Hivyo wiki za giza tulikula ndagala mpaka tukachoka, na wiki za mbalamwezi tulikula sombe na maharagi. Hakuna aliyehitaji kalenda. Ukionja mchuzi unajua mwezi uko wapi.

Ndagala huyo huyo Kigoma wanamwita dagaa, na Zambia wanamwita kapenta. Wengi wetu tulikuja kumla kwa majina yote matatu, lakini hilo tutalifikia.

Sheria za majini

Mwanafunzi mpya hakufundishwa kwanza hesabu. Alifundishwa maji.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya kiboko. Mchana anakaa majini, usiku anapanda kula majani, na anaweza kumaliza karibu kilo 40 kwa usiku mmoja. Anapita njia ile ile kila siku, njia pana yenye mifereji miwili ya miguu na majani katikati. Wakubwa walituonyesha njia hizo moja moja. "Usisimame kati ya kiboko na mayi!" Ndiyo yote. Kiboko akishtuka anakimbilia ziwa, na wewe ukiwa katikati hatakuzunguka. Kwa hiyo hatukuteka maji kabla mwanga haujatosha kuona nyayo. Nyayo zikiwa na maji bado, tulikaa juu kwenye mawe tukangoja.

Sheria ya pili ilikuwa ya mamba. Mamba anaangalia. Ukiteka mahali pamoja, saa moja, kila siku, yeye anakuwa amekwisha kujifunza. Palikuwa na ua wa miti iliyopigwa ndani ya maji, na sisi tuliteka ndani ya ua ule tu. Mti ukioza, darasa la wakubwa linakata mwingine Jumamosi ileile. Mwaka mmoja ua uliachwa bila kutengenezwa msimu mzima wa mvua, na mtoto wa darasa la tatu alishikwa mkono. Wenzake walimvuta na kupiga mamba kwa ndoo mpaka akaachia. Mtoto alipona, mkono haukupona vizuri. Yuko hai, ana wajukuu, na ndiye aliyetuomba tuandike habari hii bila jina lake.

Sheria ya tatu ilikuwa ya nyoka wa majini. Anakaa kati ya mawe, anakula samaki, anazama kwa muda mrefu. Sumu yake inaua, lakini hana tabia ya kufuata mtu. Hatari ni kumkanyaga, au kumkuta ndani ya wavu. Tulifundishwa kupiga mawe kwa fimbo kabla ya kuingia kuoga, na kutoingiza mkono kwenye shimo hata kama sabuni imeangukia humo. Na sabuni ilikuwa kitu! Wako waliokaa saa nzima wanaiangalia sabuni yao ndani ya ufa, wanasubiri mkubwa aje na kijiti.

Usiku na shamba

Usiku ulikuwa wa chui. Chui wa kwetu hakuwinda watu, aliwinda mbuzi na mbwa. Lakini mtoto wa miaka tisa anayetaka kwenda chooni saa nane ya usiku hapimi mambo hivyo. Desturi ilikuwa kuamsha mwenzako mmoja, na yule mwenzako hana ruhusa ya kukataa. Mkitoka ni wawili na mnaongea kwa sauti. Wengine wetu urafiki wa miaka hamsini ulianzia njia ya choo.

Siafu walikuwa jambo lingine. Wanakuja usiku wa mvua, kimya, na unawajua wakiwa wamekwisha kuwa shingoni. Msimamizi alipiga kelele: "Batoto, inje! Bote!" Tukatoka na blanketi, tukakaa chini ya mwembe mpaka asubuhi, na wengine wakamwaga majivu mlangoni. Tulikuwa tunalia, lakini asubuhi dortuari ilikuwa safi: hakuna panya, hakuna kunguni, hakuna mende. Mama mpishi alisema siafu ni wafagiaji wasiodai mshahara.

Shambani adui alikuwa nyani. Mahindi yakianza kukomaa, kila darasa lilikuwa na siku yake ya kulinda. Nyani wanajua kuhesabu kidogo. Wakiona watoto wawili tu, wanatuma mmoja upande huu apigiwe kelele, kisha kundi linaingia upande ule. Tulijifunza kukaa pembe nne na kupokezana filimbi. Tukishindwa, bukari inapungua kwa wote, hakuna wa kumlaumu mwingine. Usiku palikuja nguruwe wa pori, na kwao hapakuwa na filimbi iliyofaa, ni moto na kelele ya debe.

Wadogo ndio waliua

Lakini tukisema ukweli wa historia, waliomaliza watu kando ya ziwa hili hawakuwa chui wala mamba. Mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, uliua watu wengi sana kwenye mwambao. Funza naye ni mgeni. Alitoka Amerika kwa meli, akashuka Angola mwaka 1872, na ndani ya miaka isiyofika thelathini alikuwa amevuka Afrika mpaka pwani ya mashariki. Ndiyo sababu Jumamosi ilikuwa siku ya kukagua miguu. Tulikaa mstari, wakubwa wana pini iliyopita kwenye moto, wadogo wametoa vidole. Nani alicheka? Hakuna.

Na mbu. Mbu hakuondoka wakati wa amani wala wakati wa vita. Wakati wetu hatukuwa na chandarua hata kimoja, na kila mwaka wa shule uliisha na vitanda vitupu ambavyo hatukuuliza sana habari zake. Leo vyandarua vinagawanywa, na wote tunajua vingine vinaishia ziwani kuvulia vidagala vidogo kabla havijakua. Anayefanya hivyo ana njaa, hatumtukani. Lakini mtoto wake analala na mbu, na mwaka kesho ndagala wanapungua.

Watoto wa ziwa na watoto wa mulima

Kitu ambacho hakikuandikwa kwenye ratiba ya shule ndicho tulichokipata zaidi. Interna iliweka pamoja watoto wa ziwa na watoto wa mulima, maana yake wale wa nyanda za juu za Marungu. Mtoto wa mulima alifika haogopi chui lakini anatetemeka akiona maji yasiyo na mwisho. Mtoto wa ziwa aliogelea kama samaki, lakini jina la mti mmoja wa msituni halijui.

Wa mulima walitufundisha kusikiliza ndege wanapopiga kelele ya nyoka, na kujua uyoga upi unaliwa. Walituambia juu ya misitu myembamba inayofuata vijito kule juu. Baadaye tumesoma kwamba huko anaishi chozi mmoja ambaye haonekani mahali pengine popote duniani isipokuwa Marungu, na anapungua kwa sababu miti ya vijito inakatwa. Sisi wa ziwa tuliwafundisha njia za kiboko. Likizo ikifika, kila mmoja alikwenda kwao na elimu ya mwenzake, akawafundisha wadogo zake.

Mambo yaliyotuumiza

Vijana waliouliza swali lao hawakukosa sababu. Tulipigwa. Aliyesema lugha ya nyumbani darasani alivikwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine, hivyo tulijifunza kuviziana. Wazazi walikuja mara moja kwa miezi, wakasimama mlangoni kama wageni. Wasichana hawakuwa na dortuari kwa muda mrefu. Msichana wa kijiji cha mbali alisoma mpaka mahali miguu yake ilipofika, kisha akaolewa. Ndiyo maana katika kizazi chetu wanaume wanaojua kuandika barua ni wengi, na mama zao, dada zao na wake zao wanawaomba wawasomee.

Tunaandika haya juu hatutaki mtu aseme kwamba tunarudisha interna ya zamani kama ilivyokuwa.

Vita, kambi, na njia ya kiboko iliyosahauliwa

Vita vya 1998 vilipofika upande wetu, vitanda vya dortuari vilikuwa kuni kabla ya mwaka kuisha. Tukakimbia. Wengi tulifika Zambia, kambi ya Mwange iliyofunguliwa 1999 na ya Kala iliyofunguliwa 2000. Tuliwashukuru Wazambia, na tunawashukuru bado. Watoto walisoma pale, chini ya hema kwanza, kisha chini ya nyasi. Mwaka 2007 safari za kurudi kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba zilianza, na mwaka 2010 kambi hizo zilifungwa.

Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2000 alirudi ana miaka saba, au tisa, au kumi. Anajua foleni ya bomba. Anajua kadi ya chakula na siku ya kugawiwa. Anajua kapenta iliyokaushwa, hajui ndagala anavuliwa usiku gani. Hajui njia ya kiboko. Nani angemwonyesha? Babu alifia kule, baba alikuwa na kazi ya kutafuta mbegu, na shule iliyokuwa inaunganisha ziwa na mulima haina paa. Miaka ile ya kwanza ya kurudi tulizika watoto kwa sababu ya mambo ambayo sisi tulifundishwa wiki ya kwanza ya interna. Hatutaandika ni wangapi wala ni wa nani. Wenye huzuni hiyo wanasoma gazeti hili.

Mtu atasema wanyama wenyewe wamepungua. Ni kweli, silaha zilikula nao. Katika Hifadhi ya Virunga, kaskazini, viboko waliokuwa karibu 29,000 miaka ya 1970 walibaki chini ya 1,000 baada ya vita. Kwetu hatuna hesabu kama hiyo, lakini kila mvuvi anajua mahali palipokuwa na kundi na leo pana wawili. Hata hivyo kiboko mmoja anatosha kuua, na mnyama aliyewindwa sana anakuwa mkali kuliko yule wa zamani.

Tukirudi kwenye swali

Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure kwa karo. Hilo ni jambo kubwa, lakini halikupunguza kilometa hata moja. Mtoto wa kijiji cha mbali bado anatoka na giza, na giza ndiyo saa ya kiboko.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mambo haya, myapime. Kama dortuari itaezekwa, ziwe vyumba viwili, na cha wasichana kiezekwe kwanza. Maji yatoke kwenye kisima cha pampu, na mpaka pampu ipatikane, ua wa miti majini utengenezwe kila mwezi na wazazi kwa zamu. Vyandarua vifungwe vitandani na vihesabiwe. Mama wawili wa kijiji walale pale na watoto, wapewe posho. Mlango uwe wazi kwa mzazi siku yoyote. Kibao cha shingoni kisionekane tena. Na kila Jumamosi mzee mmoja wa ziwa na mmoja wa mulima waje wafundishe yale wanayoyajua, wakiwa bado wana nguvu ya kutembea.

Kuhusu wazee na wajane, hatuwasahau. Mafundi wanasema kuta za dortuari bado ni nzima, zinahitaji mbao na manjanja tu. Labda kazi mbili zinaweza kugawanywa, nusu mwaka huu na nusu mwaka kesho. Labda hapana. Hilo mtaamua ninyi, na kura ya mjane mmoja ina uzito sawa na ya mwalimu.

Ninyi mlio Kalemie, Lubumbashi, Zambia na Ulaya, ambao mchango wenu unatufikia kila mara, tunawaomba kitu kimoja zaidi ya pesa. Kama mlilala interna kando ya ziwa hili, tuandikieni mnayoyakumbuka: mahali ua ulipokuwa, njia za viboko, majina ya mawe ya kuogea. Tunataka kuchora ramani ya ufuko kwenye ukuta wa darasa la kwanza, ndefu kama ukuta wenyewe, kila mtoto anayeingia aione.

 Tukutane mkutanoni, wote, na kwa wakati.

Kamati ya chama